Gesi ya Mtungini ni Kimiminika, ya Melini Lazima Ipozwe: Kwa Nini?

Swali: Shuleni tulifundishwa kwamba barafu ikipata joto inakuwa maji, na maji yakizidi kupata joto yanakuwa mvuke. Sasa naona mambo yanagongana. Mtungi wa gesi ya kupikia ukiutikisa unasikia kimiminika ndani, ingawa chumba kina joto la kawaida. Naambiwa ni kwa sababu gesi imebanwa. Lakini gesi asilia inayosafirishwa kwa meli hupozwa mpaka nyuzi 162 chini ya sifuri. Kama kubana kunatosha, kwa nini wasiibane tu? Tena kuna mtu aliniambia maji yanaweza kuchemka na kuganda kwa wakati mmoja. Ni kweli au ni porojo? Na je, shinikizo lina kazi yoyote kwenye vitu yabisi?

Jibu: Ndugu yangu, ulichofundishwa shuleni ni sahihi, ila kina sharti ambalo pengine hakuna aliyekutajia: shinikizo liwe la hewa ya kawaida, usawa wa bahari. Kwa kuwa tumezaliwa chini ya hewa hiyo na hatutoki, tunasahau kwamba inatukandamiza. Inakandamiza kwa paskali 101,325, karibu sawa na uzito wa kilo moja juu ya kila sentimita ya mraba. Kiasi hicho huitwa angahewa moja, nami nitakitumia kama kipimo. Zile namba ulizokariri, 0 kwa kuyeyuka na 100 kwa kuchemka, ni za angahewa moja. Ukibadilisha shinikizo namba zinahama, wakati mwingine kidogo sana, wakati mwingine mbali mno.

Tuanzie kwenye molekuli zenyewe. Molekuli za kitu chochote huvutana. Zikiwa karibu karibu mvuto huo ni mkubwa, zikiachana kidogo tu unafifia upesi. Wakati huohuo molekuli hazitulii, na halijoto ndicho kipimo cha mwendo wake. Katika hewa ya chumba cha kawaida, molekuli za naitrojeni hukimbia kwa wastani unaokaribia mita 500 kila sekunde, zikigongana na kubadili njia muda wote. Basi kila kitu kimo katika vuta nikuvute: mvuto unakusanya, mwendo unatawanya. Mvuto ukitawala kabisa, kila molekuli inabaki ikitetemeka mahali pake, na hiyo ndiyo yabisi. Mwendo ukiongezeka, molekuli zinaanza kuteleza moja kando ya nyingine bila kuachana, tukapata kimiminika. Mwendo ukishinda, zinatawanyika na kujaza chombo chote, ikawa gesi.

Shinikizo linaingia katika mvutano huo kwa njia ya nafasi. Chukua gramu moja ya maji, ambayo ni takriban sentimita moja ya ujazo. Ikigeuka mvuke kwenye nyuzi 100 na angahewa moja, inahitaji sentimita za ujazo karibu 1,670. Nafasi hiyo haikuwa tupu, ilikuwa na hewa, na mvuke lazima uisukume hewa hiyo pembeni. Kusukuma ni kazi. Hewa ikiwa inakandamiza zaidi, kazi inakuwa kubwa zaidi, na molekuli zinahitaji mwendo mkubwa zaidi ndipo zitoke. Hewa ikipungua zinatoka kwa urahisi. Shika kanuni hii, maana maswali yako yote yanarudi kwake: joto huipa nafuu hali ambayo molekuli zake zina vurugu zaidi, shinikizo huipa nafuu hali inayochukua nafasi ndogo zaidi. Unachokiona kwa macho, kama ni yabisi, kimiminika au gesi, ni hukumu iliyotolewa na viwili hivyo kwa pamoja.

Sasa tazama kuchemka kwa karibu. Maji hutoa mvuke katika halijoto yoyote, ndiyo maana nguo hukauka bila kuchemshwa. Ukiyafunika maji ndani ya chombo kisicho na kitu kingine, mvuke utajikusanya juu yake mpaka molekuli zinazotoka majini na zinazorudi zilingane. Shinikizo la mvuke katika hali hiyo ya kulingana hutegemea halijoto peke yake, haidhuru maji ni ndoo nzima au kijiko kimoja. Kwenye nyuzi 20 ni karibu paskali 2,340, kiasi cha asilimia 2 tu ya angahewa. Kwenye nyuzi 70 limefika karibu theluthi ya angahewa. Kwenye nyuzi 100 linalingana na angahewa moja kamili, na hapo ndipo jambo jipya linapotokea: kiputo cha mvuke kikijitengeneza ndani kabisa ya maji, kina nguvu ya kutosha kupingana na hewa inayokibana, kwa hiyo hakipondeki. Kuchemka ni huko, viputo kuweza kuishi ndani ya kimiminika. Chini ya halijoto hiyo kiputo hupondwa kabla hakijakua.

Unaweza kuliona hili kwa mkono wako. Tafuta bomba la sindano la plastiki, lisilo na sindano. Vuta maji ya moto kiasi, ya nyuzi 50 hadi 60, mpaka robo ya bomba, kisha lielekeze juu usukume hewa yote itoke. Ziba tundu kwa kidole, halafu vuta pistoni kwa nguvu. Maji yatachemka papo hapo, viputo vikipanda kutoka kwenye kuta na vikijaa juu, na hakuna moto popote. Achia pistoni, viputo vinanywea na kupotea, maji yanatulia kama hayakuguswa. Hukuongeza joto hata chembe. Ulichofanya ni kupunguza shinikizo mpaka likashuka chini ya lile la mvuke wa maji yenye nyuzi 50. Nawashauri walimu waanze somo la hali za maada kwa bomba hili, kabla ya mchoro wowote.

Kwa sababu hiyohiyo, kwenye kilele cha mlima Everest, mita 8,849 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa imebaki karibu theluthi moja, maji huchemka kwenye nyuzi zinazokaribia 71. Na ndani ya sufuria ya presha inayofikisha angahewa 2 hivi, hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120.

Turudi kwenye mtungi wako. Gesi ya kupikia kwa kawaida ni propani, butani, au mchanganyiko wa hizo. Propani kwenye angahewa moja huchemka nyuzi 42 chini ya sifuri, kwa hiyo ukiiacha wazi chumbani ni gesi. Lakini ndani ya mtungi haijaachwa wazi. Katika nyuzi 20, shinikizo la mvuke wa propani ni zaidi kidogo ya angahewa 8. Maana yake ni hii: ukiibana propani kwenye halijoto hiyo, shinikizo litapanda mpaka lifike hapo, halafu litasimama. Ukiendelea kuingiza nyingine, shinikizo halipandi tena. Kinachoongezeka ni kimiminika chini ya mtungi. Butani ni rahisi zaidi, inahitaji angahewa 2 tu, ndiyo maana inaweza kukaa ndani ya kiberiti cha gesi cha plastiki. Chukua kile chenye mwili unaopitisha mwanga, ukiinamishe, utaona kimiminika kikitembea na nafasi ya mvuke juu yake. Ukibonyeza, mvuke unatoka, shinikizo linashuka kidogo, na sehemu ya kimiminika inageuka mvuke kuziba pengo. Kinachowaka juu ni gesi, kinachobaki ndani ni akiba yake katika umbo la kimiminika.

Hapa pana jambo la matumizi ambalo watu wengi hulikosea. Wanafunga geji ya shinikizo wakidhani itawaambia gesi imebaki kiasi gani. Haiwezi. Maadamu kuna kimiminika ndani, hata kama ni kikombe kimoja, geji itaonyesha shinikizo lilelile la halijoto ya siku hiyo. Mtungi uliojaa na mtungi unaoelekea kuisha husomeka sawa, mpaka tone la mwisho ligeuke mvuke, ndipo geji inaporomoka. Ukitaka kujua kilichobaki, pima uzito. Na geji ikipanda mchana na kushuka usiku, usidhani kuna aliyeongeza gesi. Kutoka nyuzi 20 hadi 40, shinikizo la propani hupanda kutoka angahewa 8 na kitu hadi kati ya 13 na 14, na hiyo ni kazi ya joto peke yake. Ndiyo maana mtungi hauwekwi juani wala karibu na moto. Ndiyo maana pia haujazwi mpaka juu: kimiminika kikipata joto hutanuka, na kikikosa nafasi ya mvuke juu yake, shinikizo halifuati tena ule mpangilio wa taratibu, linaruka.

Huenda pia umeona mtungi ukitoa jasho, hata kushika barafu kwa nje, gesi inapotumika kwa kasi. Kila gramu inayogeuka mvuke inahitaji nishati, na inaichukua kutoka kwenye kimiminika kilichobaki na kwenye chuma cha mtungi. Mtungi ukipoa sana, shinikizo linashuka na moto unafifia, wakati kimiminika bado kipo.

Sasa swali lako la meli, ambalo kwangu ndilo bora kuliko yote, kwa sababu liliwasumbua wanasayansi kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1823 Michael Faraday, akiwa London, alifanikiwa kuifanya klorini iwe kimiminika ndani ya mrija wa kioo uliofungwa, kwa shinikizo la gesi yenyewe na baridi kidogo. Gesi nyingine zikafuata. Ikaonekana kwamba kila gesi ingesalimu amri ikibanwa vya kutosha. Lakini oksijeni, naitrojeni, haidrojeni na methani zilikataa. Huko Vienna, Johannes Natterer alizibana baadhi yake kwa zaidi ya angahewa 2,000, hakuna hata tone. Zikapewa jina la gesi za kudumu, kana kwamba zina asili ya peke yake.

Dokezo la jibu lilikuwa limeshapatikana mwaka 1822. Mfaransa Charles Cagniard de la Tour aliziba kimiminika ndani ya mtutu wa bunduki pamoja na kijiwe kilichochongwa mviringo, akaupasha moto huku akiubingirisha na kusikiliza. Mwanzoni alisikia kijiwe kikichapa kimiminika. Joto lilipofika kiwango fulani, sauti ile ya mchapo ikatoweka. Mtutu ulikuwa umefungwa na hakuna kilichotoka, lakini ndani hapakuwa tena na kimiminika cha kuchapwa.

Aliyelichambua jambo hili hadi likaeleweka ni Thomas Andrews wa Belfast, aliyetoa matokeo yake mwaka 1869. Alitumia kaboni dayoksaidi. Fikiria mrija mnene wa kioo wenye kaboni dayoksaidi, nusu kimiminika na nusu mvuke, na mstari mkali unaotenganisha hizo mbili. Upashe joto taratibu. Kimiminika kinatanuka, kwa hiyo kinazidi kuwa chepesi. Mvuke ulio juu unazidi kusongamana, kwa hiyo unazidi kuwa mzito. Kila nyuzi moja inayoongezeka, viwili hivyo vinazidi kufanana. Ikikaribia nyuzi 31, mstari unakuwa hafifu, unaonekana kama unayeyuka, na kwa kitambo kidogo mrija mzima unageuka mweupe kama wenye ukungu. Kisha ukungu unaondoka. Ndani kuna kitu kimoja tu, safi, kinachojaza mrija wote, wala huwezi kusema ni kimiminika au ni gesi. Shinikizo hapo ni karibu angahewa 73. Rudisha halijoto chini, ukungu unarudi, na mstari unajitokeza upya katikati ya mrija.

Hiyo huitwa nukta ya ukomo, na kila kitu kina ya kwake. Juu ya halijoto ya ukomo, mwendo wa molekuli ni mkubwa kiasi kwamba hata ukizisogeza bega kwa bega, mvuto hauwezi kuzishika zikajitenga kuwa kimiminika chenye uso wake. Unaweza kuzibana mpaka zisongamane kama kimiminika, lakini hutapata wakati ambapo sehemu moja inajikusanya chini na nyingine inabaki juu. Kubana kunafanya kazi tu chini ya halijoto hiyo.

Sasa tazama namba, na jibu lako litajitokeza lenyewe. Halijoto ya ukomo ya propani ni karibu nyuzi 97 juu ya sifuri. Ya butani ni karibu 152. Chumba chochote cha binadamu kiko chini sana ya hapo, kwa hiyo kubana kunatosha. Methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, halijoto yake ya ukomo ni karibu nyuzi 83 chini ya sifuri. Kwenye joto la kawaida iko juu ya ukomo wake kwa zaidi ya nyuzi 100, na hakuna kompresa duniani itakayoifanya kimiminika hapo. Natterer angeongeza shinikizo mara kumi asingepata tone la kimiminika. Oksijeni ukomo wake ni karibu 119 chini ya sifuri, naitrojeni 147, haidrojeni 240. Zile gesi za kudumu hazikuwa na asili ya ajabu, zilikuwa tu hazijapozwa. Desemba 1877 Louis Cailletet nchini Ufaransa na Raoul Pictet mjini Geneva, kila mmoja kwa njia yake, walipata oksijeni ya kimiminika kwa kuipoza vikali. Mwaka 1883 Zygmunt Wróblewski na Karol Olszewski mjini Kraków wakaipata ikiwa imetulia ndani ya chombo. James Dewar akaimudu haidrojeni mwaka 1898. Ya mwisho ilikuwa heliamu, iliyosalimu amri mwaka 1908 mjini Leiden mikononi mwa Heike Kamerlingh Onnes, karibu nyuzi 269 chini ya sifuri.

Unaweza kuuliza, kama ukomo wa methani ni nyuzi 83 chini ya sifuri, kwa nini meli iende mpaka 162? Kwa sababu kwenye 83 bado ungehitaji shinikizo la angahewa 45 hivi. Tangi la meli ni kubwa kama jengo, na kulijenga lihimili angahewa 45 kungedai kuta nene kupita kiasi. Tena karibu na nukta ya ukomo kimiminika chenyewe ni chepesi, hakibebi mzigo mkubwa. Ukipoza mpaka karibu 162, ambako methani huchemka kwa angahewa moja, tangi halibanwi na chochote. Linahitaji kuta za kuzuia joto tu, na gesi inachukua karibu sehemu moja ya 600 ya ujazo wake wa awali. Sehemu ndogo huendelea kuchemka safarini, na kuchemka huko ndiko kunakobeba joto linalopenya, ili kilichobaki kisipande halijoto. Meli nyingi huichoma sehemu hiyo kwenye injini zake.

Magari yanayotumia gesi asilia iliyobanwa hufuata njia ya pili: methani kwenye joto la kawaida, angahewa 200 au zaidi, bila kimiminika kabisa. Mitungi yake ni minene na mzigo ni pungufu kwa zaidi ya mara mbili ukilinganisha na ujazo uleule wa methani ya kimiminika. Lakini huko geji ya shinikizo inasema kweli, kwa sababu kila kilo inayotoka inashusha shinikizo.

Kuhusu maji kuchemka na kuganda kwa pamoja, aliyekuambia hakukudanganya. Weka maji ya nyuzi 20 ndani ya chupa imara iliyounganishwa na pampu ya kunyonya hewa. Shinikizo likishuka hadi karibu paskali 2,300, maji yanaanza kuchemka kwa nguvu, kama yale ya bomba la sindano. Nishati ya kuchemka haitoki kwenye moto, inatoka kwenye maji yenyewe, kwa hiyo yanapoa. Yakipoa, shinikizo la mvuke wake linashuka na kuchemka kunataka kukoma, lakini pampu bado inanyonya, kwa hiyo kunaendelea. Viwili hivyo vinashuka pamoja mpaka halijoto inafika sehemu moja ya mia ya nyuzi juu ya sifuri, na shinikizo paskali 611 na kidogo, yaani chini ya sehemu ya 160 ya angahewa. Hapo utando wa barafu unatokea juu, viputo vinausukuma kutoka chini, unapasuka, maji yanarukia juu yake na kuganda. Barafu, maji na mvuke vimo chupani kwa wakati mmoja, na hakuna kinachomshinda mwenzake. Kila gramu inayoondoka kama mvuke inachukua joto la kutosha kugandisha gramu 7 hivi.

Nukta hiyo ya hali tatu ni mahali pamoja tu: halijoto moja na shinikizo moja, vyote vikiwa vimewekwa na asili ya maji. Ndiyo sababu kuanzia 1954 mpaka 2019 kipimo cha halijoto duniani kote, kelvini, kilifungwa kwenye nukta hiyo, siyo kwenye maji yanayochemka ambayo hubadilika kwa hali ya hewa.

Chini ya paskali 611 kimiminika cha maji safi hakina nafasi. Barafu ikipata joto inageuka mvuke moja kwa moja. Kwenye sayari ya Mars shinikizo la hewa ni la wastani wa paskali 600 hivi, ukingoni kabisa. Mwaka 2008 chombo cha Phoenix kilichimba mtaro mdogo karibu na ncha ya kaskazini ya sayari hiyo kikafichua vipande vyeupe. Siku nne baadaye picha zilionyesha vipande vile vimetoweka, bila dimbwi wala unyevu. Kutoweka huko ndiko kulikowahakikishia watafiti kwamba ilikuwa barafu ya maji, maana chumvi isingetoweka.

Kaboni dayoksaidi inafanya hivyo mbele ya macho yetu kwa sababu nukta yake ya hali tatu iko juu sana, angahewa 5 na kidogo. Hewa yetu ni angahewa moja, kwa hiyo barafu kavu, yaani kaboni dayoksaidi iliyoganda, haiyeyuki, inapotea kama mvuke kwenye nyuzi 78 na nusu chini ya sifuri. Ndani ya mtungi wa kuzimia moto, chini ya angahewa 57 hivi katika nyuzi 20, kaboni dayoksaidi hiyohiyo ni kimiminika cha kawaida.

Limebaki swali la yabisi. Ndiyo, shinikizo linafanya kazi, ila lazima liwe kubwa zaidi sana, kwa sababu yabisi na kimiminika hutofautiana kidogo sana kwa nafasi zinazochukua. Rudi kwenye kanuni: shinikizo huipa nafuu hali yenye ujazo mdogo. Kwa vitu vingi yabisi ndiyo ndogo, hivyo ukikandamiza, kiwango cha kuyeyuka kinapanda. Maji yanakwenda kinyume. Barafu ni kubwa kuliko maji yake kwa karibu asilimia 9, ndiyo maana inaelea, na kwa hiyo kuikandamiza kunayapa maji nafuu. Lakini angalia kiasi: inahitaji karibu angahewa 135 kushusha kiwango cha kuyeyuka kwa nyuzi moja tu.

Ndiyo maana siridhiki na maelezo yanayorudiwa kila mahali kwamba anayeteleza kwa viatu vya chuma huyeyusha barafu kwa uzito wake. Uzito wa mtu juu ya ukingo wa chuma hushusha kiwango hicho kwa sehemu tu ya nyuzi, na watu huteleza vizuri barafu ikiwa nyuzi 10 chini ya sifuri. Joto la msuguano na tabaka jembamba la juu, ambamo molekuli za barafu hazijashikwa sawasawa, ndivyo vinavyofanya kazi kubwa. Mahali ambapo shinikizo linaiyeyusha barafu kweli ni chini ya Antaktika. Ziwa Vostok liko chini ya barafu yenye unene unaokaribia kilomita 4, na maji yake ni kimiminika kwenye nyuzi 3 hivi chini ya sifuri.

Ukiongeza zaidi, maji nayo hubadilika. Kwenye joto la kawaida la chumba, chini ya angahewa zinazokaribia 10,000, maji huganda kuwa aina nyingine ya barafu, nzito kuliko maji, inayozama. Percy Bridgman wa Chuo Kikuu cha Harvard alitumia maisha yake kubana vitu namna hiyo, akapewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1946. Kwa upande mwingine iko heliamu, ambayo kwa angahewa moja haigandi hata ukiipoza kiasi gani. Lazima uibane kwa angahewa 25 hivi, na Willem Keesom alifanikiwa mwaka 1926. Tahadhari moja tu: haya yote ni ya vitu vinavyobaki vilevile vikipashwa moto. Mbao na karatasi haziyeyuki kwa sababu molekuli zake huvunjika kabla, zikawa kitu kingine.

Mfano mkubwa kuliko yote uko chini ya miguu yetu. Chuma hapa juu huyeyuka kwenye nyuzi 1,538. Katikati ya Dunia halijoto inazidi nyuzi 5,000, na bado kiini cha ndani, chenye nusu kipenyo cha kilomita 1,220 hivi na kilichojaa chuma, ni yabisi, kwa sababu kimebanwa na zaidi ya angahewa milioni 3. Inge Lehmann, mwanasayansi wa Denmark, alikigundua mwaka 1936 kwa kufuatilia jinsi mawimbi ya matetemeko yanavyopinda yakipita katikati ya Dunia. Kinachokizunguka, kiini cha nje, kina halijoto ndogo kuliko cha ndani, na ni kimiminika, kwa kuwa huko shinikizo ni pungufu.